Unataka kumwita binti yako Dolores? Soma hii kwanza

Wiki mbili zimepita alikuja dada mmoja kwenye meza yangu ya vitenge hapa sokoni Arua, Uganda, mimba ya miezi minane, akashika kitenge akakiacha, akashika kingine akakiacha, mwisho akaniambia Mama Dolores mi sikuja kununua, nimekuja kuuliza jina. Anataka mtoto akiwa msichana amwite Dolores kama wangu, ila mama mkwe amekataa katakata, anasema hilo ni jina la machozi na kichanga hakifungwi na machozi. Nikamtolea kiti. Tuliongea mpaka kivuli kikahamia upande wa pili wa meza, na kwa vile yeye sio wa kwanza kuniuliza, wa tano au wa sita kama sijakosea, nimeona niandike yote mahali pamoja ili mwenye kulitaka hili jina alichukue akijua anachukua nini.

Cha kwanza kabisa, jua maana yake na usiifiche. Dolores ni jina la Kihispania na maana yake ni maumivu, uchungu, tena kwa wingi, yaani sio uchungu mmoja. Mama mkwe hajadanganya hapo. Lakini ukilisoma kwa urefu wake ni María de los Dolores, Maria wa Uchungu, yule yule sisi kwa Kiswahili kanisani tunamwita Mama wa Mateso. Wahispania wana desturi ya kumpa msichana jina la Maria pamoja na sifa yake moja, alafu siku zinaenda Maria anabaki kwenye karatasi tu na watu wanaita ile sifa peke yake. Ndo tukapata Pilar ambayo ni nguzo, Consuelo faraja, Rosario rozari, Soledad upweke, na Mercedes ambayo watu hapa wanajua ni gari lakini kabla ya gari kuwepo lilikuwa jina la Mama Maria wa Rehema. Kwa hiyo ukimwita binti Dolores hujamwita Uchungu ukaishia hapo, umemwita Maria, yule Maria aliyesimama chini ya msalaba na hakukimbia.

Uchungu wenyewe kanisa linahesabu saba, na mi nakushauri ujifunze yote kabla mtoto hajazaliwa manake kuna siku atakuuliza. Mzee Simeoni anamwambia Maria hekaluni kwamba upanga utaingia moyoni mwake. Wanakimbilia Misri usiku. Yesu anapotea siku tatu akiwa na miaka kumi na miwili. Maria anakutana na mwanae njiani amebeba msalaba. Anasimama akimwangalia anakufa. Anaupokea mwili uliposhushwa. Anamzika. Ukiona picha ya Mama Maria ana panga saba zimechoma moyo, ni hizi.

Sasa nisimame hapo kwa ule wa pili, wa kukimbilia Misri, manake ndo umenifanya nilipende hili jina. Mimi nilizaliwa wakati ule serikali ya Amin imeshaanguka na sisi watu wa West Nile, kwao Amin, tunalipizwa. Mwaka 1980 mama alinifunga mgongoni akatembea usiku mpaka Zaire, upande wa Ariwara, na sufuria moja kichwani, na anasema sufuria ilikuwa na chumvi ndani imefungwa kwenye jani, na mvua ikanyesha chumvi ikaisha yote. Hiyo chumvi mpaka leo anaiongelea. Jina nililopewa ni Candiru, na kama wewe ni Mlugbara sihitaji kukueleza, candi ni shida, taabu, na Candiru ni msichana aliyezaliwa ndani yake. Miaka mingi baadaye sista mmoja mzee Mhispania pale parokiani aliniuliza jina langu la nyumbani maana yake nini, nikamwambia, akanyamaza kidogo alafu akasema kwetu wewe ungeitwa Dolores. Nilikuwa na mimba. Basi mtoto akawa Dolores, ni jina langu mwenyewe nimempa kwa lugha nyingine, na ni jina la bibi yake pia kwa namna fulani kwa sababu ile safari ilikuwa ya bibi.

Kwa hiyo ukiambiwa jina la huzuni ni la kizungu halituhusu, jibu kwa upole tu. Waacholi wana Acan kwa msichana na Ocan kwa mvulana, na can kwao ni dhiki. Waswahili wa pwani wana Shida, Tabu, Mashaka, na hao kina Mashaka wamekua, wameoa, wana maduka. Wazee wetu walikuwa wanaandika historia kwenye majina ya watoto kwa sababu daftari hawakuwa nalo. Mi siamini kwamba jina linaita balaa. Balaa ilishakuja ndo jina likafuata.

Ila mwenye hofu usimkanyage, hasa kama ni mama mkwe. Huyu dada nilimwambia fanya hivi: mpe mtoto majina mawili yanayoshikana mkono. Wangu anaitwa Ayikoru Dolores, na Ayikoru linatoka kwa ayiko, furaha. Hapa Uganda jina la nyumbani mara nyingi linaandikwa mbele na la ubatizo nyuma, kwa hiyo kila mwalimu akiita rejista anaita furaha kwanza alafu uchungu, na binti yangu analipenda hivo. Kama wewe ni wa kabila lingine tafuta la kwenu la furaha au la shukrani, usikope la watu. Na mama mkwe mpe yeye achague hilo la nyumbani. Kweli fanya hivo, nusu ya ugomvi inaisha siku hiyo hiyo. Kama bado amekataa kabisa na unaona nyumba itavunjika, basi kuna Consolata, hapa Uganda linajulikana sana, ni Mama Maria pia, na ni faraja. Mi nisingebadilisha, lakini sio mimi ninayekaa na mama mkwe wako.

Haya, spelingi. Hapa ndo watu wanaumia na mi niliumia zaidi ya wote.

Jina ni D-o-l-o-r-e-s. Linasomwa Do-LO-res, uzito kwenye LO, na kwa bahati Kiswahili nacho kinaweka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kwa hiyo mdomo wetu unalitamka vizuri bila kufundishwa. Shida inaanza mtu akiongeza i mwishoni, Doloresi, uzito unahama unaenda kwenye RE na jina linabadilika sura. Shida ya pili ni L na R. Waganda kwao R inakuja baada ya e na i tu, kwingine ni L, kwa hiyo ukishuka Kampala binti anakuwa Dololesi, na hakuna ubaya wowote, mtu anaongea kwa ulimi wake, ila mtu huyo huyo akishika kalamu ataandika alivyosikia. Nimeshaona Dorolesi, Delores, Doroles, na Dolorosa. Hilo la mwisho lisikuchanganye, Dolorosa ni jina la kweli na tunao kina Dolorosa wengi hapa Uganda, ni Kilatini, mwenye huzuni, ni ndugu wa Dolores lakini ni jina lingine, na ukishakuwa Dolorosa kwenye karatasi moja na Dolores kwenye nyingine umeshakuwa watu wawili.

Yaliyonipata mimi ni haya. Nilizalia kliniki moja, nesi akaniuliza jina nikiwa nimechoka siwezi hata kufungua macho vizuri, nikasema Dolores, akaandika kwenye kadi ya chanjo kwa biro ya bluu. Kadi nikaitia kwenye mfuko wa plastiki na sikuisoma. Aliandika Doris. D-o-r-i-s, mwandiko mzuri kabisa, umesimama wima. Kwenye ubatizo katekista alinakili kutoka kwenye kadi, mimi pale najua mtoto wangu anabatizwa Dolores na padri alitamka Dolores kwa sababu nilimwambia mdomoni, lakini kitabu kikaandika Doris. Nimekuja kujua akiwa praimari seven, wakati shule inakusanya karatasi za kuandikisha PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwalimu mkuu ananiita ananiuliza mama huyu mtoto ni nani. Nilikaa kwenye ule ukumbi wa shule na karatasi tatu mapajani, nikalia, sidanganyi.

Sasa wewe fanya hivi. Kabla ya kwenda kujifungua andika majina yote ya mtoto kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, la msichana upande mmoja la mvulana upande wa pili, ukitie ndani ya nguo za mtoto, na mpe kingine anayekusindikiza. Ukiulizwa jina usiseme, toa karatasi. Kadi ikiandikwa isome hapo hapo herufi kwa herufi kabla hujatoka mlangoni, hata kama kuna foleni na watu wanakuangalia vibaya. Ukipewa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, isome. Ukienda NIRA, ofisi ya serikali ya vitambulisho na vizazi, kuchukua cheti cha kuzaliwa, soma ile fomu kabla hujaweka sahihi, alafu soma tena kilichochapishwa, manake hapo ndo jina linaingia kwenye mtambo na ile NIN yake, namba ya kitambulisho cha taifa, itamfuata maisha yote, shule, laini ya simu, pasipoti, benki. Kwenye ubatizo mwombe katekista akuoneshe kitabu, hawakatai, wengine hata wanafurahi mtu ameuliza.

Na kama limeshaharibika usikate tamaa, anza parokiani. Mimi padri aliniita na msimamizi wa ubatizo tukathibitisha, akasahihisha pembeni ya kitabu na kuweka tarehe na muhuri, nikapewa cheti kipya. Hicho cheti pamoja na kiapo nilichopiga mbele ya kamishna wa viapo ndo vilinisaidia kwingine kote. Ila nilitembea miezi mitatu na meza yangu imefungwa siku nyingi, kwa hiyo nakuomba dada yangu, soma kadi.

Tukija kwa jina la kufupisha, Wahispania Dolores wanamwita Lola au Loli, na Lola ni tamu, watoto wadogo wanaweza kulisema kabla hawajaweza Dolores. Kuna Lolita pia ambalo ni Lola mdogo, lakini hilo mi nakwambia liache, kwenye intaneti limeshachukua maana chafu kuhusu wasichana wadogo na hutaki mtu alitafute jina la mwanao kwenye simu akaona hayo. Shuleni watamwita Dola, hiyo jiandae, wangu ameitwa Dola tangu praimari wani na wakati wa kuchangia pesa za ziara darasa zima linamgeukia. Anacheka sahi. Mwanzoni hakucheka, na nilimwambia jibu lao ni moja tu, useme jina lako lote polepole, Do-lo-res, kila mara, bila kukasirika, mpaka wachoke.

Alafu mfundishe waliolibeba kabla yake, hii usiiruke. Mtoto mwenye jina ambalo hakuna mwingine darasani anahitaji kujua hayuko peke yake.

Wa kwanza kumsimulia ni Dolores Huerta, na mi naanzaga naye kwa sababu watu wa hapa waliolima tumbaku watamwelewa haraka. Alizaliwa mwaka 1930 Dawson, New Mexico, Marekani, akawa mwalimu huko California, na wanafunzi wake walikuwa watoto wa vibarua wa mashamba, wanakuja darasani na njaa, hawana viatu. Akaona kuwafundisha watoto wenye njaa hakutoshi, bora awaunganishe wazazi wao walipwe vizuri. Akaacha kazi. Mwaka 1962 yeye na César Chávez wakaanzisha chama cha wafanyakazi wa mashambani, na mwaka 1965 wakaingia kwenye mgomo wa zabibu wa Delano, ule mgomo ulikaa miaka mitano, mpaka watu mijini huko Marekani wakaacha kununua zabibu, mpaka wenye mashamba wakasaini mikataba mwaka 1970. Ule msemo Sí, se puede, yaani ndio inawezekana, ni wake. Mwaka 1988 polisi walimpiga kwenye maandamano San Francisco wakamvunja mbavu, akapona, akaendelea. Na alilea watoto kumi na mmoja. Rais Obama alimpa nishani mwaka 2012. Binti yangu ameandika hiyo Sí, se puede nyuma ya daftari lake la hesabu, huko huko kwenye hesabu ambayo haimpendi.

Wa pili ni Dolores Ibárruri, na huyu ni mgumu kidogo, sikufichi. Alizaliwa mwaka 1895 Gallarta, kaskazini mwa Hispania, familia ya wachimba madini, alikuwa mshonaji na mtumishi wa ndani ya nyumba za watu. Alikuja kuwa mkomunisti mkubwa, na mwaka 1936 jenerali Franco na wenzake walipoasi, yeye ndo alisimama redioni akasema No pasarán, hawatapita. Vita walishindwa, akaishi uhamishoni Urusi miaka na miaka, akarudi kwao mwaka 1977 akiwa bibi kizee na akachaguliwa bungeni mwaka huo huo. Watu walimwita La Pasionaria, jina alilojitia mwenyewe kwenye makala aliyoandika mwaka 1918 wakati wa Juma Kuu, na pasionaria ni lile ua la mateso ya Yesu, jamii moja na mmea wetu wa pasheni, ukiangalia ua la pasheni linavyochanua utaona kama taji la miiba limezunguka. Lakini huyu mama alizika mabinti wanne wakiwa wadogo, na mwanae wa kiume alikufa vitani Stalingrad mwaka 1942. Mama mkwe wa yule dada akisikia hii atasema si niliwaambia. Mi namjibu hivi: kwenye zile nyumba za wachimba madini watoto walikuwa wanakufa kwa kila jirani, kina Carmen na kina Teresa walizika vile vile, kilichowaua ni umaskini na kukosa dawa. Kama huku kwetu tu. Huyo msimulie binti akishafika miaka kumi na mbili kumi na tatu, sio kabla.

Wengine unapitia haraka tu. Dolores del Río wa Durango, Mexico, alikuwa nyota wa Hollywood tangu miaka ya 1920 alafu akarudi kwao mwaka 1943 akawa malkia wa sinema za Mexico. Dolores O'Riordan wa Ireland, sauti ya kundi la The Cranberries, ambaye redio bado zinampiga, alifariki London Januari 2018 akiwa na miaka 46. Lola Flores, mwimbaji na mcheza flamenko wa Jerez, jina lake la ubatizo María Dolores. Dolores Hart aliyecheza filamu na Elvis Presley alafu mwaka 1963 akaacha yote akaingia utawani huko Connecticut, huyu masista wanampenda sana ukiwasimulia. Na kuna mji Mexico unaitwa Dolores Hidalgo, hapo ndo padri Miguel Hidalgo alipiga kengele ya kanisa asubuhi ya tarehe 16 Septemba 1810 kuwaita watu waanze kudai uhuru, na mpaka leo Wamexico wanasherehekea ule wito wake na kuuita Grito de Dolores, yaani Ukelele wa Dolores. Siku hizi sikukuu ya Mama wa Mateso iko tarehe 15, siku moja kabla, kwa hiyo mi na binti tunazihesabu kama zake zote mbili.

Hiyo tarehe 15 Septemba iweke kwenye kalenda ya nyumba. Inakuja kesho yake baada ya Kutukuka kwa Msalaba. Wengi wanasherehekea siku ya kuzaliwa tu, na keki ni ghali, siku ya jina haihitaji keki. Waliobarikiwa na nauli wajue kuna Kibeho, Rwanda, sio mbali kama Fatima au Lourdes huko Ulaya. Mama Maria aliwatokea wasichana wa shule hapo kuanzia tarehe 28 Novemba 1981, kanisa likakubali mwaka 2001, na hija yenyewe ni ya Mama wa Mateso. Rozari ya Mateso Saba, ile ya Salamu Maria saba mara saba, ilirudi kusaliwa sana kwa sababu ya Kibeho. Waganda wanapanda basi kwa makundi wanapitia mpaka wa Katuna. Sisi bado hatujaenda, naweka pesa kidogo kidogo kwenye kopo.

Nyumbani tunafanya hivi. Jioni ya tarehe 15 binti anapika enyasa, ugali wetu, na maharagwe, sasa yuko S2, sekondari mwaka wa pili, na mkono wake wa ugali umeshanipita. Tunasali ile rozari na bibi yake. Tukifika uchungu wa pili, wa kukimbilia Misri, mama yangu anasimamisha sala kila mwaka, anasema subirini, alafu anasimulia tena ile njia ya Ariwara na ile sufuria. Mwaka jana Dolores alinyanyuka katikati ya hadithi, tukafikiri amechoka kusikia, kumbe ameenda jikoni. Akarudi na kijiko cha chumvi amekifunga kwenye jani la mgomba akamwekea bibi mkononi.